Jinsi ya Kuwa Injinia Bila Karaha ya Uhandisi

Karibu, Injinia. Nimekuita hivyo kabla hujaonyesha hata cheti kimoja, na nimeona ulivyonyoosha mgongo. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kazi hii, na tayari unayo. Yaliyobaki ni mambo madogo madogo ya sheria, na hayo tutayazunguka pamoja, taratibu, bila kelele.

Maana sheria ipo, usidanganyike. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na sheria yake ya mwaka 1997 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya uhandisi wala kujiita mhandisi. Kenya wana bodi yao, na wajiolojia wao wana sheria ya usajili tangu 1993. Kote huko wazo ni lile lile: kabla hujamwekea mtu ghorofa kichwani, jina lako liandikwe mahali, ili siku likitafutwa lipatikane. Sisi kuandikwa tunakutaka. Kupatikana ndiko tunakotafutia dawa.

Hatua ya 1: Anza na jina, elimu itafuata

Badilisha kwanza jina lako la WhatsApp. Kisha piga picha umevaa kofia ngumu nyeupe, isiyo na hata tone la saruji. Za njano waachie wanaofanya kazi. Simama mbele ya jengo lolote. Kunjua mchoro mkubwa, nyoosha kidole mahali pasipo na kitu. Kama mchoro umeushika juu chini usijali, picha yenyewe ni ndogo.

Baada ya hapo jamii itakumalizia. Sisi ni wakarimu wa vyeo: anayefunga madishi ni injinia, anayetengeneza redio ni injinia, na shemeji aliyesimamia choo cha shule ni injinia mkuu. Kwenye harusi mshereheshaji atakutangaza kwa cheo chako na ukumbi utapiga makofi. Hakuna kamati ya harusi iliyowahi kuuliza namba ya usajili. Kinachoulizwa ni mchango, na mchango wa injinia hauwi mdogo. Hiyo iwe ndiyo ada pekee unayolipa kwa wakati.

Hatua ya 2: Miaka mitatu ifanye usiku mmoja

Bodi ina ngazi zake. Ukitoka chuo na shahada yako, wewe ni mhandisi mhitimu tu. Ili uwe mhandisi mtaalamu unatakiwa ufanye mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi mzoefu, miaka mitatu, huku ukiandika ulichokifanya na ulichojifunza. Juu zaidi kuna mhandisi mshauri. Miaka mitatu! Mwenzako aliyesomea biashara ameshanunua gari.

Kaa chini usiku mmoja, uandike yote. Tumia kalamu tatu za rangi tofauti, ili mwaka usifanane na mwaka. Mwaga chai kidogo kwenye mwezi wa nne. Neno lako la kazi liwe "nilishiriki": nilishiriki umwagaji wa zege, nilishiriki ujenzi wa daraja. Aliyepita chini ya daraja akiwa ndani ya daladala naye ameshiriki kwa namna yake.

Mlezi wako atasaini bila kusoma, kwani na yeye alisainiwa hivyo hivyo. Siku ya usaili ukiulizwa ulijifunza nini, jibu: "umuhimu wa kazi ya pamoja." Hakuna mzee atakayethubutu kulipinga hilo.

Hatua ya 3: Mhuri ni mtaji, usiuache ulale

Tuseme usajili umepata, tena kwa halali kabisa. Hongera. Sasa unamiliki mhuri, na mtu mwenye akili hakai na mali bila kuipangisha.

Mteja wako atakuja jioni. Ana michoro iliyosokotwa ikafungwa kwa raba, na halmashauri haitampa kibali cha ujenzi bila jina la mhandisi. "Bosi, ni saini tu," atakwambia. Hapa uwe makini sana: usiukunjue mchoro wote. Ukiukunjua utaona kitu, na ukishaona utatakiwa ufanye kitu. Funua kona ya chini kulia peke yake, pale penye kiboksi cha saini. Gonga. Puliza wino ukauke. Funga raba. Toza kwa ghorofa.

Kama kukutana na wateja kunakuchosha, azimisha cheti chenyewe. Makandarasi husajiliwa kwa madaraja, kuanzia la saba kupanda hadi la kwanza, na bodi yao hutaka kuona mtaalamu ndani ya kampuni. Kampuni inaajiri cheti chako. Wewe unabaki nyumbani. Kwa mpango huu unaweza kusimamia jengo Tegeta, jingine Mbagala na la tatu Morogoro, asubuhi moja, ukiwa na kanzu yako ya kulalia.

Hatua ya 4: Saiti waachie mafundi

Saiti kuna vumbi, na vumbi halipatani na kofia nyeupe. Isitoshe mtu aliyekwenda saiti hawezi baadaye kusema hakuona.

Unaye mtangulizi mashuhuri katika hili. Daraja la Quebec, Kanada, lilipokuwa likijengwa, mhandisi mshauri wake alikuwa Theodore Cooper, jina kubwa Marekani nzima. Alilisimamia akiwa New York. Afya haikumruhusu kusafiri. Serikali ya Kanada ilipotaka kazi yake ipitiwe na jicho la pili, aliona anadhalilishwa, akapinga, akashinda. Urefu wa daraja ulishaongezwa, lakini makadirio ya uzito wake hayakurekebishwa kwa wakati. Mwaka 1907 vyuma vya chini vikaanza kupinda, watu wakaviona kwa macho. Mjumbe akapanda treni hadi New York kumweleza. Cooper akatuma telegramu ya kuzuia uzito usiongezwe, ila aliituma kwenye ofisi za kiwanda kule Pennsylvania, si darajani. Jioni ile ile ya tarehe 29 Agosti daraja lilianguka mtoni, likaua wafanyakazi 75.

Jifunze kwake mawili. La kwanza, ukiwa na jina kubwa hakuna atakayekukagua. La pili, uwe mbali. Yeye alikuwa na New York. Wewe una semina Dodoma.

Hatua ya 5: Ruhusu kwa mdomo

Simu italia saa nne asubuhi. "Injinia, shikamoo. Nondo za milimita 16 zimeisha dukani. Tufunge za 12?" Nyuma unasikia mikisa inazunguka, vibarua wamepanga foleni na ndoo, mwenye nyumba ananung'unika. Jibu la kitaalamu ni moja: "Fungeni, ila zikazeni vizuri."

Kwa macho tofauti ni milimita nne, nani atazihesabu? Nguzo ndiyo itakayohesabu: nondo ya 12 ina chuma kinachozidi kidogo tu nusu ya kile cha nondo ya 16. Lakini nguzo haina simu.

Kosa kubwa hapa ni kuruhusu kwa maandishi. Mjini Kansas City, Marekani, kwenye ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, kulikuwa na vivuko vilivyoning'inizwa darini, kimoja juu ya kingine. Mchoro wa kwanza ulitaka fito ndefu za chuma zitoke darini, zipite kivuko cha juu, zifike cha chini. Upande wa kiwanda ukaomba zitumike fito fupi mbili, na kivuko cha chini kishikwe na kile cha juu. Fikiria watu wawili walioning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake. Halafu wa chini aambiwe aiachie kamba, ashike miguu ya mwenzake. Kamba haijaongezewa mzigo, ila mikono ya wa juu imebeba watu wawili. Michoro ya kiwandani ikapita na mhuri juu yake, hesabu haikurudiwa. Tarehe 17 Julai 1981 watu walikuja kucheza dansi. Walikufa 114.

Jimbo la Missouri liliwanyang'anya leseni wahandisi wawili, kwa sababu mhuri ulikuwepo na ulisomeka. Sasa umeelewa kwa nini nakwambia upige simu. Na ujumbe wa sauti usitume.

Hatua ya 6: Zege la mtihani lipike peke yake

Siku ya kumwaga zege, sehemu ya zege hujazwa kwenye vibati vya mraba vya milimita 150 kila upande. Hizo ndizo kyubu. Hulowekwa majini, kisha hupelekwa maabara kupasuliwa, nyingine siku ya saba, nyingine siku ya 28. Mashine haina shemeji wala haili chakula cha mchana, kwa hiyo lazima umwandae mtahiniwa.

Changanya zege la kyubu kwenye karai lake mwenyewe. Saruji usiionee huruma. Maji kidogo, shindilia vizuri, laza kivulini. Litafaulu kwa alama za juu, nawe utayaweka majibu yake kwenye faili lenye jalada gumu.

Zege la jengo ni habari nyingine. Hilo la saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne huwa zito, na vibarua wanachoka. Ongeza ndoo ya maji, lichuruzike lenyewe mpaka kwenye kona. Likikauka, maji yatakuwa yameondoka na kuacha vitundu vyake, na nguvu nayo itakuwa imepungua. Plasta ni ya nini basi? Na mwagilieni usiku. Usiku zege lote ni zuri.

Hatua ya 7: Udongo ni udongo

Kupima udongo ni kutoboa shimo refu ili uambiwe kuna mchanga. Pesa hiyo ina kazi nyingine. Tafuta ripoti ya zamani, yenye picha nyingi na jedwali. Kama ni ya Goba kule mlimani na wewe unajenga bonde la Jangwani, amuru kompyuta ibadilishe "Goba" iwe "Jangwani" kurasa zote. Kisha pitia ukurasa wa 14 kwa jicho lako mwenyewe, maana huwa kunabaki Goba moja pale chini ya picha. Ripoti ikisema maji hayakuonekana mpaka mita kumi, na Jangwani umesimama kwenye tope, nunua buti.

Kama dhamiri inakusumbua, mkumbuke William Mulholland, fundi wa maji wa Los Angeles aliyejifunza uhandisi mwenyewe akapanda hadi kuwa mkuu wa idara. Alijenga bwawa la St. Francis kwenye miamba isiyoaminika, upande mmoja ukiwa juu ya maporomoko ya ardhi ya kale, na sheria ya California ya wakati huo haikulazimisha bwawa la mji wenye wahandisi wake likaguliwe na serikali. Tarehe 12 Machi 1928 aliitwa kuangalia mahali panapovuja. Akaangalia, akasema ni salama, akarudi nyumbani. Kabla usiku haujakwisha bwawa lilikuwa limepasuka na watu zaidi ya 400 wamekufa. Mwaka uliofuata California ikaanza kusajili wahandisi wa ujenzi na kukagua mabwawa.

Unaona wanavyoharibu kazi za watu? Leseni nyingi unazozilalamikia leo zilianza siku moja baada ya maziko.

Hatua ya 8: Wewe mjiolojia, usibakize nusu

Nilikusahau? Hata kidogo. Wenzako wanauza majengo yanayoonekana. Wewe unauza kilicho chini ya ardhi, ambacho mteja hawezi kukichungulia. Wewe ndiye mfalme wetu.

Desturi ya uchorongaji ni hii: mche wa mwamba ukitoka ardhini hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu inaenda maabara, nusu inabaki kwenye sanduku, ili mwenye shaka aje apime tena. Hiyo nusu inayobaki ndiyo adui yako. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ililiona hilo mapema. Kule Busang, kisiwa cha Borneo, Indonesia, mche ulisagwa wote, na kwenye unga wa mawe ikanyunyizwa dhahabu ya kutoka nje, nyingi yake ya kuoshwa mtoni. Dhahabu ya mtoni huwa imeviringika kingo, ya mwambani haiviringiki, lakini mwenye hisa haangalii kingo. Kampuni ikafikia thamani ya mabilioni ya dola. Machi 1997 mjiolojia wake, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta. Mei wakaguzi wa nje wakasema dhahabu hakuna. Mahakama haikumtia hatiani mtu yeyote.

Tangu mwaka 2001 Kanada inadai kila taarifa ya madini inayopelekwa kwenye soko la hisa iwe na mtaalamu anayetambuliwa na chama chake, aliyeweka jina lake kamili. Jina tena! Kila mlango tunaoufungua wanakuja kuandika jina juu yake.

Hatua ya 9: Apa kwa sauti kubwa

Tanzania wahandisi hula kiapo hadharani kwenye Siku ya Wahandisi, wakiwa na suti zao, mbele ya mgeni rasmi. Kanada wamefanya lao tangu 1925: mhandisi mpya huvalishwa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono anaoandikia, ili kila akisaini ikwaruze karatasi na kumkumbusha.

Usiogope kiapo. Kiapo kina picha nzuri, na picha inakaa miaka mingi kuliko maneno. Ukifika pale penye usalama wa umma, kohoa. Pete kama unayo, saini kwa mkono mwingine.

Hatua ya 10: Likianguka

Majengo yana tabia ya kuanguka bila taarifa, kwa hiyo wewe uwe na taarifa mapema. Kila Januari nenda polisi uandikishe kwamba mhuri umepotea. Februari utauokota. Pia pitia bango la mradi pale getini, lile lenye jina la mteja, mkandarasi, mshauri na namba zao: la kwako liandikwe kwa rangi nafuu, jua lilimalize kabla ya ghorofa ya tatu.

Majibu yako yawe tayari. Mvua ilizidi. Fundi hakufuata maelekezo. Mwenye nyumba aliongeza ghorofa usiku. Ni mapenzi ya Mungu. Usiseme "niliruhusu"; sema "iliruhusiwa". Nairobi mwaka 2016 jengo la Huruma lilikuwa limeshaamriwa livunjwe kabla halijaporomoka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ujue basi kwamba hata barua ya kuvunja inaweza kukaa kwenye faili ukiipa muda.

Watu watauliza, na inabidi uwavumilie. Waliuliza tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka Dar es Salaam na kuua watu 36. Waliuliza tena tarehe 16 Novemba 2024, Kariakoo, jengo lilipowafunika wafanyabiashara wakiwa madukani na zaidi ya 20 wakafa. Orodha ya marehemu nayo ni rejista. Majina yamo kamili, na hakuna aliyeazimisha lake.

Hapo bodi itakuita. Inaweza kukufuta. Usihuzunike: rejista ndiyo itakayokufuta, kamati za harusi hazitakufuta.

Hatua ya 11: Ukijenga nyumba yako

Mwongozo huu uweke kabatini, ufunge kwa ufunguo.

Tafuta yule mhandisi mkaidi. Unamjua, ni yule aliyekataa kugonga mhuri ukamtangaza mji mzima kwamba anajifanya. Kofia yake haijulikani ilikuwa rangi gani. Atachimba shimo la udongo yeye mwenyewe, na udongo wenyewe ataupiga picha. Atahesabu nondo kwa kidole, atapima nafasi kati ya ringi na ringi, atasimama kando ya mikisa na kuzuia ile ndoo ya mwisho ya maji. Akilikataa zege, livunje siku hiyo hiyo. Bei yake usiipunguze. Mlipe na nauli.

Na akikuuliza wewe unafanya kazi gani, mwambie ni mfanyabiashara.